Majirani Tusiowajua Kazi Zao



Kila mwaka ifikapo tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, hotuba husomwa, miti hupandwa, na fulana nyeupe zenye maandishi ya kijani hugawiwa. Tarehe 6 Juni fulana zimeshafuliwa, na miti mingi imeachwa ijitafutie maji yenyewe. Nimerekodi hotuba hizo kwa miaka mingi, na kila nikizisikiliza tena studioni nasikia neno moja likirudiwa kuliko yote: "tutunze". Tutunze mazingira, tutunze misitu, tutunze wanyamapori. Sina ugomvi na neno hilo. Lakini ni vigumu mtu kukitunza kitu ambacho hakijui, na ni vigumu zaidi kukijua kwa kuamrishwa kwenye kipaza sauti.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam peke yake. Fikirini ni watoto wangapi katika hao ambao hawajakanyaga Mikumi wala Saadani, na ambao wazazi wao hawana nauli wala kiingilio cha kuwapeleka. Simba wanamjua kwa jezi nyekundu. Twiga wanamjua kwa mfuko wa saruji. Kwao, maumbile ni kitu kilichoko mbali, ndani ya uzio, kinachotazamwa na wageni waliovaa kofia pana. Watoto hao ndio watakaokuwa madiwani, wahandisi na mawaziri, na siku moja mbele yao itawekwa karatasi ya kutia saini: huu msitu ukatwe au usikatwe, huu mto ugeuzwe au usigeuzwe. Watatia saini kwa kujua nini?

Leo napendekeza njia moja ndogo, isiyo na nauli. Ni swali.

Sisi tukimwona mnyama, aghalabu tunauliza maswali matatu. La kwanza: je, analiwa? La pili: je, anadhuru? La tatu: je, ni heri au ni mkosi? Serikali nayo ina swali lake la nne: je, analeta fedha za kigeni? Mnyama akikosa jibu zuri katika hayo yote, tunampiga jiwe au tunampita. Angalieni kwamba maswali yote manne yanatuhusu sisi. Hakuna hata moja linalomhusu yeye. Swali ninalolipendekeza ni la tano: huyu anafanyaje kazi yake? Anakula kwa chombo gani, anajikinga kwa mbinu gani, na ameumbwaje hata akamudu kuishi hapo anapoishi? Ni swali lile lile tunalomwuliza fundi tukikuta kibanda kipya mtaani: bwana, wewe unatengeneza nini, na kwa vyombo gani?

Tuanzie ndani ya nyumba. Mjusi kafiri, yule mweupe-mweupe anayekaa karibu na taa ya ukutani usiku, jina lake lina kisa chake, nacho sitakiingilia leo. Mtazameni tu anavyotembea darini, kichwa chini na miguu juu, kama mtu aliye barazani kwake. Unyayo wake ni mkavu, hauna gundi. Wataalamu walibishana kwa muda mrefu juu ya siri hiyo, hata mwaka 2000 na tena 2002 watafiti wa Marekani wakatoa jibu baada ya kumpima ndugu yake mmoja wa Asia. Chini ya vidole vyake kuna vinyweleo vidogo mno, karibu nusu milioni katika kila unyayo, na kila kinyweleo kimechanuka kuwa ncha mamia. Ncha hizo huusogelea ukuta karibu sana, hata chembe za ukuta na chembe za kinyweleo zikavutana zenyewe. Mvuto wa ncha moja si kitu; mvuto wa mamilioni kwa pamoja humbeba mjusi mzima. Akitaka kunyanyua mguu hukunja kidole kuanzia ncha, kama mtu anavyobandua plasta. Hana kope za kufumba, kwa hiyo jicho lake huliosha kwa ulimi. Adui akimkamata mkia humwachia, mkia ukabaki ukirukaruka kumshughulisha adui huku mwenyewe akikimbia, na baadaye huota mwingine. Yote hayo hufanyika juu ya kitanda chako, bure, pamoja na nondo na mbu anaowameza usiku kucha.

Nimejaribu kuwaeleza hayo watoto wa jirani, na nimeona jambo. Mtoto aliyeambiwa "usimuue mjusi" husubiri ugeuke. Mtoto aliyeambiwa habari za vile vinyweleo hulala chali na kumtazama mjusi mpaka usingizi umchukue.

Tutoke nje, twende kwa bundi, maana hapo ndipo penye damu. Miaka michache iliyopita, mtaani kwetu, bundi alihamia katika paa la nyumba mbovu iliyokuwa ikisubiri kubomolewa. Nyumba ya pili kulikuwa na mgonjwa. Bila shaka mmekwisha kujua kilichofuata. Asubuhi moja vijana sita walisimama chini ya lile paa wakiwa na mawe na manati, na kina mama wamejikusanya upande wa pili wa njia, wengine wakinong'ona jina la mtu anayedhaniwa kuwa ndiye mwenye ndege huyo. Kwa hiyo hatarini hakuwa bundi peke yake.

Akatokea mzee mmoja wa mtaa ule, mtu aliyefanya kazi zamani katika ghala la mahindi la chama cha ushirika. Vijana wakamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu. Mna vita na nani?"

"Babu, huyu ni ndege wa wachawi."

"Haya. Kabla hamjamwua, niokoteeni vile vidonge vyeusi pale chini."

Chini ya paa palikuwa na vitu vikavu vyenye ukubwa wa kidole gumba, ambavyo wengi walidhani ni kinyesi. Sivyo. Bundi humeza panya mzima, kisha huyatapika manyoya na mifupa yakiwa yamefungwa pamoja kama kifurushi. Mzee akachuchumaa, akakipasua kimoja kwa kijiti. Likatoka fuvu dogo lenye meno mawili marefu ya manjano. Akapasua cha pili, yakatoka mafuvu mawili. "Endeleeni ninyi, macho yangu yamechoka," akasema. "Hesabuni." Wale vijana wakaweka manati chini wakaanza kupasua na kuhesabu, kwanza kwa kicheko, halafu kwa kushindana. Walipofika fuvu la 23, mzee akauliza, "Mchawi gani huyu anayewamalizia panya, wala hadai hata senti?"

Sitawadanganya kwamba mtaa mzima ulibadili imani yake asubuhi ile. Wapo walioondoka wakitikisa vichwa. Lakini manati hayakuinuliwa tena, na jina lililokuwa likinong'onwa halikupata nafasi ya kusemwa kwa sauti. Jioni yake wawili katika wale vijana walikwenda kwa mzee na swali la tano, bila kufundishwa na mtu: "Babu, anawaonaje gizani?"

Jibu ni kwamba mara nyingi haoni, anasikia. Bundi yule mwenye uso mweupe wa umbo la kopa la karata, uso wake ni kama ungo unaokusanya sauti na kuipeleka masikioni. Sikio moja liko juu kidogo kuliko lingine, kwa hiyo mchakacho wa panya humfikia kila upande kwa tofauti ndogo, naye hujua panya yuko wapi hata pakiwa na giza totoro. Manyoya ya ukingo wa bawa lake yana meno laini kama ya kitana, yanayoukata upepo usipige kelele. Panya hamsikii anavyokuja. Macho yake hayageuki ndani ya kichwa kama yetu, basi hugeuza shingo, na shingo hiyo ina pingili 14, huweza kuzunguka karibu robo tatu ya duara. Sisi binadamu tuna pingili saba. Na twiga, pamoja na urefu wake wote, naye ana saba tu, kama wewe na mimi. Ila zake ni ndefu. Mwambieni mtoto habari hiyo, kisha mtazame jinsi atakavyopeleka mkono shingoni kwake kuhesabu. Dakika ile, twiga amekwisha toka kwenye mfuko wa saruji.

Nakuja kwa kinyonga, ambaye tumemwonea sana. Mwanasiasa akihama chama leo na kurudi kesho, tunasema ni kinyonga. Laiti kinyonga angekuwa na wakili! Ukweli ni kwamba habadili rangi hasa kwa ajili ya kujificha. Akiwa ametulia, rangi yake ya kawaida ndiyo inayofanana na majani. Anapogeuka rangi kali ni kwamba anasema jambo waziwazi: anamtisha dume mwenzake, anamposa jike, au jike anakataa posa, na mara nyingine huwa mweusi-mweusi ili apate joto la jua la asubuhi. Mwaka 2015 wataalamu wa Geneva walionyesha kwamba kinyonga mmoja wa Madagaska ana chembe za fuwele ndani ya ngozi ambazo hupanuka na kubanana, na nuru inayorudishwa nazo ikageuka rangi. Mwanasiasa hubadilika ili usijue yuko wapi. Kinyonga hubadilika ili ajulikane anataka nini.

Tena macho yake hutembea kila moja kivyake, moja likitazama mbele na jingine nyuma, hadi aone mdudu, ndipo yote mawili hukutana kupima umbali. Ulimi wake, katika aina nyingi, hufyatuka na kufika mbali kuliko urefu wa mwili wake. Milima yetu ya Usambara, Uluguru na Udzungwa ina vinyonga wasiopatikana penginepo duniani, na mwaka 2006 wanasayansi walipounda jenasi mpya kwa baadhi yao, waliipa jina la Kinyongia. Dunia nzima ya wasomi inamwita kwa Kiswahili. Sisi wenye Kiswahili chetu tukimwona njiani tunamtupia majivu.

Wale watoto wenu wapendao ubuyu, ule mwekundu unaopakwa rangi na sukari ukauzwa nje ya mageti ya shule, wanadaiwa na popo. Ua la mbuyu hufunguka magharibi, likining'inia kichwa chini, jeupe, lenye harufu nzito ambayo sisi hatuipendi. Kesho yake limekwisha sinyaa. Nyuki wa mchana atalifaidi lini? Huku kwetu Afrika Mashariki mteja wake mkubwa ni popo wa matunda, anayekuja usiku kunywa maji matamu ya ua na kuondoka na unga wake usoni kuupeleka kwenye mbuyu mwingine. Ua na mnyama wamepangiana saa.

Na hapa nina habari njema ya kuwapa. Kisiwa cha Pemba kina popo wake mwenyewe, mkubwa, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hufikia mita moja na nusu na zaidi, naye hapatikani kwingine kokote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa ameshawindwa kwa ajili ya nyama kiasi cha kuhofiwa kwamba angetoweka. Wenyeji wakaelezwa popo huyu ni nani na anafanya nini kwa miti yao, wakaanzisha vikundi vya kumlinda, na pale Kidike wakaugeuza mti wanapolala popo kuwa mahali pa kutembelewa na wageni. Idadi ikapanda hadi kupita 20,000. Nasisitiza kumtazama, si kumshika: popo, kama wanyama wengine wa porini, anaweza kuwa na maradhi. Ujirani mwema nao una mpaka wake.

Najua wapo wanaosema, "Bwana mtangazaji, haya ni mazuri kwa wenye nafasi. Mtu mwenye njaa hana muda wa kuhesabu pingili za bundi." Ni hoja nzito, na siwezi kuiruka. Mkulima ambaye tembo amemaliza shamba lake kwa usiku mmoja hahitaji somo la uzuri wa mkonga. Lakini ni swali lile lile la tano lililomsaidia. Kenya, karibu na Tsavo, wakulima walijiuliza pamoja na watafiti: tembo, pamoja na ngozi yake nene, ni wapi palipo laini? Ni pembeni mwa macho na ndani ya mkonga, na hapo ndipo nyuki huuma. Basi wakatundika mizinga kuzunguka mashamba, wakaiunganisha kwa waya. Tembo akiugusa waya, mizinga inatikisika, na nyuki wanatoka kuuliza ni nani. Tembo wengi hugeuza njia, na mkulima hubaki na mahindi yake pamoja na asali.

Mfano mwingine uko Morogoro. Panya buku tunamjua kama mwizi wa karanga na mihogo. Watu wengine wakauliza: huyu, ambaye macho yake ni dhaifu na anaishi usiku, chakula chake alichokizika ardhini anakirudiaje? Kwa pua. Na uzito wake je? Kilo moja na kitu, mwepesi mno kulipua bomu lililozikwa ardhini hata akikanyaga juu yake. Kutokana na majibu hayo mawili, shirika la APOPO, lenye makao yake katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, limefundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na pia kunusa makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Morogoro, alipelekwa Kambodia na katika maisha yake ya kazi aligundua mabomu na masalia ya milipuko zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimtunukia nishani ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Alikufa Januari 2022. Kuna watoto Kambodia wanaocheza mpira leo katika uwanja aliousafisha Mtanzania mwenye mkia.

Lakini tusidanganyane kwamba kila kiumbe kitatulipa. Wapo wasiotafuta mabomu wala kuzaa asali. Kwa hao ndipo inapojulikana kama tumejifunza kitu, nami kila nikifikiria jambo hili narudi Kihansi.

Mwaka 1996, watafiti waliokuwa wakikagua mazingira ya mradi wa umeme wa Kihansi, katika milima ya Udzungwa, walimkuta chura mdogo wa rangi ya manjano, asiyefika sentimita tatu. Aliishi katika manyunyu ya maporomoko ya mto ule, mahali pa ukubwa wa hekta mbili hivi, na hakuwepo penginepo popote duniani. Vyura wengi hutaga mayai majini na kuwaacha viluwiluwi wajilee. Mahali ambapo maji yanaporomoka kwa kishindo hapana dimbwi tulivu la kulelea viluwiluwi. Mama wa Kihansi hakuwa na haja nalo: huyaweka mayai ndani ya mwili wake, na watoto huzaliwa wakiwa vyura kamili, wadogo wa kutosha kukaa juu ya ukucha wa mtoto.

Mtambo ukaanza kazi, megawati 180. Mto ukapitishwa ndani ya mwamba, na manyunyu yakapotea. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walichukuliwa kwa haraka wakapelekwa Marekani kutunzwa. Bondeni ikafungwa mipira ya kunyunyiza maji, na kwa muda chura akaonekana kupata nafuu. Mwaka 2003 idadi yake ikaporomoka ghafla, na ugonjwa wa ukungu unaoua vyura kwa kushambulia ngozi ukagunduliwa. Mwaka 2009 akatangazwa rasmi kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa kwa ndege kutoka Marekani hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 ikaanza kazi ya kuwarejesha bondeni.

Katika miaka ile, vijiweni swali lilikuwa moja: chura au umeme? Na kwa namna lilivyoulizwa, jibu lilikuwa limekwisha tolewa. Nani atachagua chura? Mimi ninayesema haya ninasema kwa umeme, na hospitali zetu zinapasua wagonjwa kwa umeme. Sitaki turudi kwenye vibatari. Lakini swali lile liliulizwa vibaya kwa sababu waulizaji tulilijua jina la chura, hatukujua anavyoishi. Anayejua kwamba chura huyu anahitaji manyunyu, wala hahitaji mto mzima, anauliza swali jingine kabisa: tuache maji kiasi gani yaendelee kuanguka, ili tupate umeme na manyunyu? Hilo ni swali la mhandisi, lina namba ndani yake, linaweza kujibiwa. Na liliulizwa, ila kwa kuchelewa, baada ya mtambo kusimama. Gharama ya kuchelewa tumeilipa kwa fedha na kwa kiumbe ambaye alilazimika kuishi ukimbizini ng'ambo ya bahari.

Wengine wataniambia nisiwapambe wanyama kama malaika. La hasha. Kunguru hawa wa mjini waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, wakaenea pwani yote, na ni wezi, wala mayai na vifaranga vya ndege wetu. Lakini hata kwa adui, swali la tano linafaa. Kunguru ameumbwa kula kila kitu na kukumbuka kila kitu. Tumemtegea mitego na kumwekea sumu, naye bado yupo, kwa sababu kila asubuhi tunamwandalia meza kwenye jalala. Anayejua anavyoishi atajua kwamba dawa yake kubwa ni gari la taka lipitalo kwa wakati.

Basi tufanye nini? Mzazi, umeme ukiwaka jioni, mwoneshe mtoto mjusi ukutani na umwulize haanguki kwa nini. Maji yakipwa, mpeleke penye tope la mikoko, amtazame yule kaa dume mwenye gando moja kubwa akilipunga. Anamwita nani? Anamtisha nani? Na kwa nini analia chakula kwa lile gando dogo? Mwache mtoto akisie kabla hujamjibu, na usipojua, kisieni pamoja.

Mwalimu, huhitaji maabara. Chukua kijiko, kibanio cha nguo, mrija na kibano cha kung'olea miiba. Weka mezani mchele, vipande vya uzi, maji ndani ya chupa, na karanga. Kila mtoto apewe chombo kimoja kiwe ndicho mdomo wake, kisha waambie wale. Baada ya dakika tano watakuwa wameelewa kwa nini mdomo wa chozi haufanani na mdomo wa mwewe, na kwa nini maua yakiisha chozi hawezi kuhamia kwenye nyama. Klabu za Malihai zimekuwa mashuleni tangu 1980. Shule ambayo klabu yake imelala na iiamshe kwa michezo ya namna hiyo kabla ya kufikiria safari ya mbugani.

Nasi waandishi wa habari, tunaoandika kuhusu mnyama pale tu anapoua au anapouawa, tuongeze sentensi mbili za namna anavyoishi. Hazitajaza ukurasa.

Bundi wa mtaani kwetu hayupo tena. Ile nyumba mbovu ilibomolewa, na pamejengwa fremu za maduka. Panya wamerudi, na wenye maduka wananunua sumu. Sasa wapo vijana wawili katika mtaa ule wanaojua kwa nini.